Sura ya Sita: Baba Hafundwi kwa Semina ya Siku Moja

Wanaume wa mkoa wa Simiyu wanaitwa mara nyingi kwenye mikutano inayohusu familia zao. Wanaitwa na serikali ya kijiji, na kanisa, na mradi uliofika na gari jeupe kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Wanakaa chini ya mwembe au kwenye madarasa ya shule ya msingi, wanaelezwa kwamba kumpiga mke ni kosa, kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 anahitaji kuzungumza na kucheza na baba yake, kwamba mama mjamzito hapaswi kubeba ndoo mbili za maji kutoka lambo la mbali. Wanakubali. Mahudhurio yanajazwa, picha zinapigwa, posho inatolewa, na jioni kila mtu anarudi kwenye kaya yake, ambako hakuna aliyekuwepo mkutanoni isipokuwa yeye. Ninachotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba udhaifu wa utaratibu huu hauko kwenye maneno yanayosemwa. Mengi ni ya kweli na yanapaswa kusemwa. Udhaifu ni kwamba ubaba ni kazi ya mikono na ya tabia, na kazi ya namna hiyo hujifunzwa kwa kuifanya ukiwa na mtu anayekutazama, anayekurekebisha na anayerudi tena juma lijalo. Baba wa Bariadi anayetaka kubadilika anamhitaji baba mwingine jirani, aliyetangulia kidogo, atakayemfuata nyumbani kwa miezi. Programu yoyote ya familia inayokwepa gharama ya ufuatiliaji huo italipa gharama ya mikutano milele bila kuona mabadiliko.

Mkoa wenyewe ni mpya. Ulikatwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza mwaka 2012, makao makuu yakawa Bariadi, na ndani yake zikawemo wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 1,584,157. Ya mwaka 2022 ikahesabu 2,140,497. Kwa hiyo katika miaka 10 mkoa umeongeza zaidi ya watu nusu milioni, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watoto waliozaliwa kwenye kaya kubwa za wakulima na wafugaji, kaya ambazo mara nyingi zina mke zaidi ya mmoja. Katika kaya ya namna hiyo baba ana mamlaka makubwa na muda mdogo. Mfugaji wa Meatu anaweza kuondoka na mifugo kiangazi kutafuta malisho na asirudi kwa miezi. Mvuvi wa Busega anakesha ziwani na kuamka mchana watoto wakiwa shuleni. Mkulima wa pamba wa Bariadi yupo nyumbani mwaka mzima, lakini kuwepo kwake na kushiriki kwake ni mambo mawili.

Nini hasa kinawapata watoto wakati huo? Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011, kazi ya serikali, UNICEF, Chuo Kikuu cha Muhimbili na kituo cha CDC cha Marekani, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa kwa ukali kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi wao walipigwa na ndugu wa karibu au walimu. Takwimu hiyo husomwa kama orodha ya wakosaji. Mimi naisoma pia kama maelezo ya namna wazazi wa leo walivyolelewa. Mwanamume mwenye miaka 28 anayempiga mwanawe kwa fimbo ya kuchungia anarudia somo pekee la malezi alilowahi kupewa, na alipewa kwa vitendo, mara nyingi, na mtu aliyemheshimu. Hotuba ya saa mbili haiwezi kushindana na somo lililochukua miaka 15.

Ushahidi wa kwamba somo hilo linaweza kuondolewa upo, na hautoki mbali. Kaskazini mwa Uganda, wilayani Amuru, katika jamii zilizokuwa zimerudi kutoka kambi za vita, shirika la Save the Children pamoja na Chuo Kikuu cha Georgetown waliendesha mpango kwa ajili ya baba vijana wa miaka 16 hadi 25 wenye watoto wadogo wa mwaka 1 hadi 3. Utaratibu wake unafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu hauna kitu cha anasa. Kijana alimtaja mwenyewe mwanamume wa kijijini anayemheshimu, aliyeonekana kuishi vizuri na familia yake. Mwanamume huyo alipewa mafunzo, kisha kwa takriban miezi sita akawa anamtembelea kijana nyumbani, na katikati ya ziara hizo vijana waliokuwa chini yake wakakutana kwa kikundi. Kila mwezi ulikuwa na mada moja, na mada hiyo ilibandikwa kijijini kwa picha kubwa ili hata asiyejua kusoma aione anapopita. Mwishoni kulikuwa na sherehe ya hadhara ambapo baba alisema mbele ya watu kile alichoamua kubadilisha. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ilikuta ukatili dhidi ya wake umepungua mara baada ya mpango na ukaendelea kuwa chini miezi kadhaa baadaye. Kupungua kwa kuwachapa watoto kulionekana vizuri zaidi kwenye kipimo cha baadaye kuliko cha mwanzo. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana: mume alijizuia kwa mkewe haraka, lakini mkono juu ya mtoto ulichukua muda kushuka. Mradi unaopimwa siku ya kufunga ungekosa nusu ya matunda yake.

Rwanda ilikwenda mbali zaidi kwa idadi. Mpango wa Bandebereho, ulioendeshwa na shirika la wanaume la RWAMREC pamoja na Promundo, ulichukua wanandoa waliokuwa wakitarajia mtoto au wenye watoto wadogo, ukawapa akina baba vipindi 15 katika vikundi vidogo, wake zao wakihudhuria karibu nusu ya vipindi hivyo. Wanandoa 1,199 walifuatiliwa, waliopata vipindi wakilinganishwa na ambao hawakupata. Baada ya miezi 21, wanawake walioripoti kupigwa na waume zao walikuwa takriban theluthi moja upande wa walioshiriki, na zaidi ya nusu upande wa pili. Wanaume walioshiriki waliwasindikiza wake zao kliniki zaidi, walifanya kazi za nyumbani zaidi, na watoto walichapwa kidogo. Miaka sita baadaye watafiti walirudi na kukuta tofauti bado ipo. Napenda kusisitiza kwamba takwimu hiyo ya kupigwa ilitoka kwa wanawake wenyewe. Mwanamume akiulizwa peke yake kama amekuwa baba bora, jibu lake halitupi habari nyingi.

Kwetu Tanzania kuna majaribio mawili yanayoihusu Simiyu moja kwa moja, kwa sababu yaliwagusa wakulima wa vijijini. Mkoani Mara, jirani na Simiyu upande wa kaskazini, watafiti walipeleka wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa familia 960 katika vijiji 80, wakilinganisha kaya ambazo mama peke yake alifundishwa lishe na malezi na kaya ambazo baba naye aliingizwa. Baba alipoingizwa, mitazamo yake kuhusu nafasi ya mke ilibadilika na sauti ya mama kwenye maamuzi ya nyumbani ikaongezeka. Jaribio la pili, lililochapishwa mwaka 2020, lilihusu familia 248 za wakulima katika vijiji 8, na tofauti na tafiti nyingi za malezi, walezi walioshiriki wengi walikuwa wanaume. Baadhi walipata mafunzo ya malezi, baadhi ya kilimo biashara, baadhi yote mawili. Waliopata yote mawili waliripoti kupungua kwa ukatili kwa watoto wao. Kilimo biashara peke yake hakikutoa picha iliyo wazi kama hiyo.

Matokeo hayo yanajibu hoja ninayoisikia kuliko zote, na ambayo ina ukweli ndani yake: kwamba baba wa Simiyu hana tatizo la malezi bali la umaskini, na ukimpa bei nzuri ya pamba mengine yatajipanga. Nani atabisha kwamba njaa inachochea hasira ya mtu? Lakini tazama kinachotokea fedha zinapokuja. Simiyu inaongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na msimu wa ununuzi hufunguliwa karibu na Mei. Kwenye gulio, karani wa chama cha ushirika cha msingi (AMCOS) anaweka mzigo juu ya mzani, anatenga pamba safi na pamba fifi, anaandika kilo kwenye daftari, na jina analoandika mara nyingi ni la mwanamume mwenye kaya. Pamba hiyo imepaliliwa na kuchumwa na watu wengi: mke au wake, watoto waliotoka shule, wakati mwingine bibi mwenye mgongo unaouma. Malipo anapokea mmoja, na ni karibu mapato yote ya fedha taslimu ya mwaka, yakija kwa mkupuo. Katika majuma machache yanayofuata kunaamuliwa kama binti atapata sare na madaftari, kama mama mwenye mimba ya miezi saba atawekewa nauli ya kufika hospitali, kama ataongezwa ng'ombe zizini, au kama ataongezwa mke. Bei ikipanda bila mazungumzo ya nyumbani kubadilika, kinachopanda ni ukubwa wa uamuzi wa mtu mmoja. Kwa hiyo mpango wa kuwasaidia akina baba mkoani humu una siku zake ambazo haupaswi kuzikosa. Mshauri anapaswa kuketi na mume na mke pamoja mwezi Aprili, kabla ya mzani kufunguliwa, waandike kwenye karatasi moja mahitaji ya watoto wote na kiasi cha kila moja, kisha arudi Julai kuuliza karatasi hiyo iko wapi. Bwana shamba hufanya hivyohivyo na wadudu wa pamba: haonyeshi dawa mara moja Novemba akaondoka, bali hurudi shambani vitumba vinapoanza kutoboka.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya kigeni na kwamba mwanamume wa Kisukuma hafundishwi namna ya kuishi na mkewe na kijana wa mradi. Sehemu ya pili ya kauli hiyo ni sahihi kabisa. Kijana wa mradi asiye na mtoto, anayesoma kwenye kitini, hatasikilizwa na mwanamume mwenye kaya, na hana sababu ya kusikilizwa. Lakini kwamba mwanamume hafundishwi si kweli katika historia ya Usukuma. Wasukuma hawakuwa na jando kama la Pwani, ila walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wanaume wa kaya na wavulana waliketi, na hapo mkubwa alisimulia, aliuliza, alikemea, na kijana alijifunza namna ya kuongea mbele ya wazee na namna ya kusimamia mji wake. Kulikuwa na vikundi vya kulima kwa zamu, na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu ambavyo mpaka leo vinashindana baada ya mavuno, na ndani ya vyama hivyo kijana alikuwa na kiongozi aliyemjua kwa jina na kwa tabia. Mwanamume alifundishwa na wanaume waliomzidi umri, kwa kurudiarudia, karibu na nyumbani. Ziara za Amuru na vikundi vya Rwanda vina umbo hilohilo. Shule, simu na safari za kutafuta maisha vimepunguza jioni za motoni, na kilichochukua nafasi yake ni mkutano wa hadhara, ambao kwa kweli ndio mgeni.

Siwezi kuipamba shikome kupita kiasi. Mengi yaliyofundishwa pale ndiyo tunayotaka kuyaacha. Mamlaka ya mume yalihesabiwa kwa ng'ombe, na Hans Cory, aliyekusanya sheria za mila za Wasukuma katika kitabu kilichotoka 1953, alionyesha jinsi mahari yalivyoamua hata mtoto ni wa nani. Ubaba wa ng'ombe ni ubaba wa umiliki. Kinachofaa kuchukuliwa ni utaratibu wa kufundishana, na kinachofundishwa kibadilishwe, jambo ambalo ni gumu zaidi kuliko linavyosikika, kwa sababu mzee anayeheshimiwa anaweza kuwa ndiye anayeamini kwamba mke asiyepigwa hajapendwa. Ndiyo maana uchaguzi wa mshauri hauwezi kuachiwa mwenyekiti wa kijiji au mchungaji peke yake. Kijana ataje anayemheshimu, kisha mke wa huyo aliyetajwa aulizwe kwa faragha anaishi naye vipi. Mume ambaye mkewe atamtilia shaka aachwe, bila maelezo na bila kumwaibisha mtu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaotetea wanawake, na wana haki ya kulitoa. Wanasema: fedha za familia ni chache, na kila shilingi inayokwenda kwa wanaume imetoka kwa mama na mtoto, tena ukimfundisha mwanamume kuingia kila mahali, utampa funguo za vyumba ambavyo mama alikuwa huru ndani yake. Mfano wao mzuri ni kliniki ya wajawazito. Sera ya kuwataka waume wahudhurie ilikuwa na nia njema, hasa kwa upimaji wa VVU. Utekelezaji wake katika vituo vingi nchini ukawa kwamba mama aliyekuja bila mume anasubirishwa, au anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba hana mume. Aliyeachwa, mjane na binti aliyepewa mimba na mwanamume aliyekimbia wakajikuta wanaadhibiwa kwa kosa la mwanamume. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2015 ushiriki wa wanaume katika afya ya uzazi, liliweka sharti kwamba uheshimu uchaguzi na uhuru wa mwanamke. Hakuna programu ya akina baba Simiyu inayopaswa kuanza bila sharti hilo kuandikwa mbele: baba anakaribishwa pale mama anapotaka awepo, na huduma ya mama haitegemei baba.

Ila hoja ya fedha sikubaliani nayo kwa jumla. Mama wa Itilima aliyefundishwa umuhimu wa yai kwa mtoto wa miezi tisa, akarudi kwenye kaya ambayo kuku na mayai yanauzwa kwa amri ya mume, amebebeshwa elimu asiyoweza kuitumia na lawama juu yake. Miaka mingi tumemfundisha mtu asiye na uamuzi na kumwacha mwenye uamuzi chini ya mwembe. Mradi wa Uzazi Uzima, ulioendeshwa na Amref mkoani Simiyu kwa ufadhili wa Canada kuanzia 2017, ulilazimika kuzungumza na wanaume kwa sababu hiyohiyo: uamuzi wa kwenda kujifungulia kituoni haukuwa wa mama pekee. Kuwekeza kwa baba, kukifanywa vizuri, ni namna ya kuikomboa fedha iliyokwisha kutumika kwa mama.

Kipo hata hivyo kikomo ambacho mshauri wa kijijini lazima akijue. Yeye ni jirani, si polisi wala daktari. Akikuta mke amevunjwa mkono au mtoto amenajisiwa, kazi yake ya kushauri imekwisha pale, na jambo linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii, kwa dawati la jinsia na watoto la polisi, au kwa simu ya bure 116. Vishawishi vya kusuluhisha kimyakimya vitakuwa vikubwa, kwa sababu mshauri na mkosaji wanakunywa maji ya lambo moja na pengine ni ndugu. Anapoumizwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimpi nafasi ya kuchagua, na mafunzo yake yaseme hivyo siku ya kwanza. Bila mstari huo, programu ya kuwalea akina baba inageuka kuwa kivuli cha kuwaficha wakatili.

Swali la nani atalipa lilikuwa gumu na sasa limekuwa gumu zaidi. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje mwanzoni mwa 2025 na USAID ikafungwa katikati ya mwaka huo, na miradi mingi ya familia na watoto iliyoegemea hapo ikafunga ofisi. Wengine wanaona huu ni wakati mbaya wa kuzungumzia kazi mpya. Naona kinyume. Muundo wa ushauri wa baba kwa baba ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo halmashauri inaweza kuvibeba yenyewe, kwa kuwa gharama yake kubwa ni mafunzo ya mara chache, baiskeli, na muda wa afisa mmoja wa kuwafuatilia washauri kama wao wanavyowafuatilia vijana. Rwanda, ilipotaka kuipanua Bandebereho, iliwatumia wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa wilaya ya Musanze ambao tayari walikuwa kazini. Tanzania ina wahudumu hao pia, na ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, ambayo inadai ushiriki wa wazazi wote wawili. Kinachokosekana ni mstari wa bajeti. Ushuru wa pamba unaokusanywa na halmashauri za Simiyu unatoka kwenye jasho la familia hizihizi, na madiwani wanaopitisha matumizi yake wengi ni akina baba wa vijiji hivyohivyo. Waanze na kata mbili, washauri kumi kila kata, misimu miwili ya kilimo mfululizo bila kukatiza, na fedha za awamu ya pili zitolewe baada ya wake na watoto wa kaya zilizoshiriki kuulizwa, kila mmoja peke yake, na mtu asiye wa kijiji hicho.